Eliya Alikimbia, Kisha Akachoka: Je, Hofu ya Kijana Mwanamichezo ni Ukosefu wa Imani?

Somo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:21

Wiki hii tuko na swali ambalo vijana wetu wanaokimbia na wanaocheza mpira huuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, wakiangalia viatu vyao: nikiogopa kabla ya mashindano, ina maana imani yangu imepungua? Wengine hawaulizi kabisa. Wanakaa viti vya nyuma, na wakishindwa hawaonekani tena Jumapili mbili tatu.

Jibu letu la kawaida tunalijua. Tunamwekea mikono, tunakemea roho ya hofu, tunamwambia akiri ushindi, halafu tunamrudisha uwanjani. Maombi ni mazuri na hakuna mtu hapa anayesema tuyaache. Lakini hebu fikiria kile kijana amesikia. Amesikia kwamba hofu na imani haziwezi kukaa nyumba moja. Sasa Jumamosi asubuhi amesimama kwenye mstari wa kuanzia, moyo unadunda, tumbo linakoroga, mate yamekauka. Jana alikuwa na shida moja, leo ako na mbili. Anaogopa mbio, na pia anaogopa ile hofu yenyewe, kwa sababu akiiona tu anajiambia, "Kumbe sikuomba vizuri. Kumbe Mungu hayuko na mimi." Bunduki haijalia na tayari ameshindwa mara moja.

Tuangalie mwanariadha wa Biblia. Eliya tunamjua kwa moto wa Karmeli, ila wengi tunaruka mstari wa mwisho wa sura ya 18. Siku ile ile, baada ya manabii wa Baali kuaibika na mvua kuja, mkono wa Bwana ulikuwa juu yake, akajifunga viuno, akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Yaani nusu marathoni, mbele ya farasi! Sasa geuza ukurasa. Yezebeli anatuma mjumbe mmoja tu na maneno ya vitisho, na huyu bingwa wetu anatoroka. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu kwamba amechoka kuishi.

Wapendwa, huyu si mtu asiye na imani. Jana ameomba moto ukashuka.

Tazama Mungu anafanya nini. Hamkemei. Hamuulizi imani ya jana imeenda wapi. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, kuna mkate na maji, anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili na kupewa sababu, kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Mbinguni walijua kwamba mwili umechoka na roho imechoka pamoja nao. Kocha mzuri kule Iten au Kaptagat angefanya vilevile: chakula, maji, usingizi, halafu tuongee. Sisi saa zingine tunaanza na kuongea, tena kwa sauti kubwa.

Na usifikiri kuchoka huku kunawapata wanaoshindwa peke yao. Eliya alianguka baada ya ushindi. Michael Phelps, yule muogeleaji Mmarekani mwenye medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake dhahabu, ameeleza hadharani kwamba baada ya michezo ya Olimpiki alikuwa akizama kwenye huzuni nzito, na baada ya London 2012 alifika mahali hakutaka tena kuishi. Dunia nzima inapiga makofi, mtu amejifungia chumbani. Kama medali ingeponya moyo, yeye angekuwa mzima kuliko sisi sote.

Sasa niwaletee neno la wataalamu, na msiogope, halipingani na Neno. Tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia Mmarekani Steven Hayes na wenzake wamekuwa wakijenga njia ya kusaidia watu wanaoteswa na hofu na mawazo mazito. Hayes mwenyewe, akiwa mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa anashikwa na hofu kali ya ghafla. Kile walichofikia wanakiita unyumbufu wa kisaikolojia, na leo kinafundishwa kwa wanamichezo vijana katika nchi nyingi. Ukiondoa jina kubwa, maana yake ni hii: kuweza kuhisi kile unachohisi, hata kikiwa kibaya, bila kukikimbia na bila kupigana nacho, huku miguu yako ikiendelea kwenda kule unakojua ni kwema. Au ikibidi, isimame na kugeuka.

Waliona kwamba mateso mengi hayatoki kwenye hofu yenyewe. Yanatoka kwenye vita vya kuiondoa. Jaribu usiku wa kuamkia mtihani kujiambia, "Nisifikirie kufeli." Utafikiria nini mpaka asubuhi? Ni kama kusukuma mpira chini ya maji. Unaweza, lakini mikono yote miwili imeshikwa na kazi hiyo, na ukiteleza kidogo mpira unakurukia usoni. Mkimbiaji anayetumia nguvu zake kusukuma hofu chini hana nguvu zilizobaki za mzunguko wa mwisho.

Najua mama mmoja hapa tayari ana swali. Kukubali hofu, si ni kuifungulia mlango? Si Biblia imetuonya mara nyingi tusiogope? Swali hili ni la haki na linahitaji jibu la kweli. Kukubali kwamba mgeni ameingia sebuleni si sawa na kumkabidhi funguo za nyumba. Unaweza kumwona, ukamwambia "nimekuona, keti hapo," halafu ukaendelea kupika. Anayekataa katakata kwamba kuna mgeni ndiye atakayepika akigeuka nyuma kila dakika. Na yale maneno ya kutotia hofu, angalia yanasemwa kwa nani. Yanasemwa kwa Yoshua, kwa Mariamu, kwa wachungaji usiku ule, yaani kwa watu ambao tayari wameogopa. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu alitetemeka. Waliambiwa wasiogope na papo hapo wakapewa kazi au habari njema.

Ila hoja yangu kubwa iko Gethsemane. Bwana wetu hakuwa na dhambi, hilo tunakubaliana sote. Na usiku ule alihuzunika na kufadhaika mpaka jasho, akawaambia rafiki zake wazi jinsi nafsi yake ilivyolemewa, akawaomba wakeshe naye, akamwomba Baba mara tatu kikombe kiondoke. Halafu akasimama, akaenda. Kama kufadhaika ni dhambi, basi tuna shida kubwa kuliko ya riadha. Na kama si dhambi, kwa nini tumemfundisha msichana wa miaka 17 aione aibu?

Angalia pia kwamba Bwana hakungoja fadhaa iishe ndipo aende. Hapo ndipo Injili na wale wataalamu wanakutana njiani. Vijana wengi wanangoja hofu iishe ndipo waishi. "Nikishapata ujasiri nitajaribu." "Nikishaacha kuwaza vibaya nitarudi mazoezini." Utangoja sana. Ujasiri huja ukiwa njiani, na saa zingine hauji kabisa na bado unafika.

Kuna zoezi dogo wanalofundisha ambalo nimelipenda, na kijana anaweza kulianza leo. Wazo likija kwamba "mimi ni bure," usibishane nalo na usilimeze. Liseme hivi: "Nimepata wazo kwamba mimi ni bure." Ni maneno machache tu yameongezwa, lakini sasa kuna nafasi kati yako na lile wazo. Unaliangalia kama matatu inayopita barabarani. Si lazima uipande kwa sababu tu kondakta amekuita. Mwandishi wa Zaburi ya 42 alifanya kitu cha namna hii: aliigeukia nafsi yake mwenyewe na kuiuliza kwa nini imeinama. Hakujifanya haijainama.

Basi unyumbufu huu unaonekanaje uwanjani? Wakati mwingine unaonekana kama kusimama. Julai 2021 kule Tokyo, Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alijitoa katikati ya fainali ya timu. Alikuwa amepoteza ile hisia ya kujua mwili wako uko wapi ukizunguka hewani, na katika mchezo ule, kuanguka vibaya ni kuvunjika shingo. Walimwita mwoga, mbele ya dunia yote. Siku chache baadaye akarudi kwenye boriti na kuchukua shaba, na Paris 2024 akapata dhahabu tatu na fedha moja. Mti mkavu ungevunjika siku ile ya kwanza.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali, mifano yetu wenyewe inatosha. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003 akiwa na miaka 18. Mwaka wa 2012 hakuchaguliwa hata kwenye timu ya Olimpiki ya London. Sisi mashabiki tungesema amekwisha. Yeye akabadilisha mbio. Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, na yaliyofuata mnayajua, mpaka Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, saa 1:59:40. Ila mimi nampendea zaidi siku ambazo hatuziweki kwenye mabango. Oktoba 2020 alikuwa wa nane London. Paris 2024 alisimama njiani baada ya kilomita 30, mara yake ya kwanza kutomaliza marathoni. Hakujificha, na hakuacha kukimbia.

Na Faith Kipyegon, ambaye jina lake ni imani yenyewe. Tarehe 26 Juni 2025 alijaribu kule Paris kukimbia maili moja chini ya dakika 4, kitu ambacho hakuna mwanamke amewahi kufanya. Kulikuwa na kamera, wadhamini, dunia inatazama. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6, akaanguka chini. Kwa lugha yetu ya "kiri nawe utapokea," tungesemaje? Siku tisa baadaye, Eugene, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:48.68. Lakini sitaki tukimbilie hiyo rekodi haraka kana kwamba ndiyo iliyosafisha siku ya Paris. Hata bila rekodi, Paris ilikuwa siku njema. Mtu alijaribu jambo kubwa wazi mbele ya watu wote, akakosa, akabaki yeye yule.

Hapa ndipo wataalamu wanatenganisha lengo na thamani, na nadhani ndiyo sehemu yenye faida zaidi kwetu. Lengo ni kitu unachofikia au unakosa: medali, muda fulani, tikiti ya kwenda ng'ambo. Thamani ni namna unavyotaka kutembea: kwa bidii, kwa uaminifu, kwa kumjali mwenzako. Lengo liko Jumamosi ijayo, na lina watu wengine thelathini wanaolitaka. Thamani unaweza kuiishi leo saa kumi na moja asubuhi kwenye barabara ya vumbi, na hata ukishika mkia bado unayo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mbio kwa sababu michezo ya Isthmia ilifanyika jirani nao kila miaka miwili, na taji la mshindi lilikuwa la majani tu. Walikuwa wanajua vizuri sana vile linanyauka.

Lakini ngoja kwanza. Ni rahisi mhubiri aliyeshiba kumwambia kijana medali si kitu. Kwa familia nyingi zilizo kwenye ukurasa huu, medali ni karo ya wadogo watatu, ni deni la shamba, ni bati juu ya nyumba ya mama. Ng'ombe aliuzwa ili kijana aende kambini. Baba anauliza kila Ijumaa kwa simu, "Na hiyo kazi ya kukimbia imefika wapi?" Kule Iten, mita 2,400 juu ya bahari, vijana mamia wanaamka kila asubuhi na kukimbia, na hesabu inajulikana, wengi wao hawatawahi kupanda ndege. Kijana huyu haogopi kwa sababu ana roho ya hofu. Anaogopa kwa sababu kweli kuna kitu cha kuogopa: sisi.

Nasema sisi kwa makusudi. Tunamwambia mtoto ajifunze kupinda bila kuvunjika, na sisi wazazi, makocha na kanisa tumekuwa wagumu kama mawe. Tumeweka mpango mmoja tu: ashinde. Hatujamwambia itakuwaje asiposhinda, na hajathubutu kuuliza. Mtoto akifanywa shamba la familia, kila mavuno mabaya yanakuwa kosa lake. Na mtu ambaye haruhusiwi kushindwa atatafuta njia ya kutoshindwa, hata kama njia hiyo iko kwenye sindano ya daktari wa vichochoroni. Tunapolaani dawa za kusisimua misuli kutoka madhabahuni, na ni sawa kuzilaani, tuulize pia nani alimwambia kijana kwamba asirudi nyumbani mikono mitupu.

Kanisa nalo lina jambo lake. Angalia tunamwita nani mbele kutoa ushuhuda. Aliyeshinda. Aliyepata visa. Yule aliyemaliza wa tisa kwa mchujo wa kaunti, ambaye tulimwekea mikono pia, tena na mafuta, hatumwiti. Kwa kimya chetu tumemwambia kwamba hadithi yake haina Mungu ndani. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke na haukuondoka, na bado alitoa ushuhuda huo, tunausoma mpaka leo. Mimi nadhani Jumapili moja tumsikie wa tisa. Asilazimishwe kumalizia kwa "lakini Mungu ataniinua." Aseme tu vile ilikuwa, aketi, na tumpigie makofi yale yale.

Kuna sehemu moja ambayo sitaipamba. Eliya aliomba kufa. Wako vijana kati yetu ambao wamefika chini ya mretemu huo, na wengine wana medali kabatini. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama imesema mtu huyu anahitaji msaada, si korokoro. Itakuwa ajabu hakimu awe mpole kuliko mwombezi. Kwa hiyo kijana akikuambia amechoka kuishi, usianze na mstari wa kumkaripia. Kaa naye. Usimwache peke yake usiku huo. Muite mzazi au mtu anayemwamini, mpeleke hospitali au kwa mshauri nasaha, na uombe naye mkiwa njiani. Yule aliyeoka mkate jangwani ndiye anayempa daktari akili.

Turudi Horebu, kwa sababu Eliya alifika huko kwa nguvu za kile chakula. Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Eliya anajibu kwa malalamiko: nimefanya bidii, wengine wameuawa, nimebaki peke yangu. Unapita upepo, tetemeko, moto, halafu sauti ndogo. Anaulizwa swali lile lile mara ya pili, na yeye anajibu vilevile, karibu neno kwa neno. Ebu soma tena. Baada ya kukutana na Mungu uso kwa sikio, hisia zake hazijabadilika hata kidogo! Na Mungu hasemi, "Ngoja kwanza ukiri vizuri." Anampa njia ya kurudia, kazi ya kufanya, na jina la mtu.

Mtu huyo ni Elisha, mwana wa Shafati. Eliya anamkuta shambani akilima na ng'ombe jozi kumi na mbili, anamtupia vazi lake. Elisha anaenda kuwaaga wazazi wake, anachinja ng'ombe, anapika kwa kuni za nira, watu wanakula. Kisha yule nabii aliyesema amebaki peke yake anaondoka pale na mtu ubavuni.

Vijana wanaokwenda kambini na kwenye michezo ya shule muhula huu, tafadhali mbaki mbele baada ya ibada ya pili. Wazazi pia. Safari hii tutawauliza kwanza mnahisi nini, tutasikiliza mpaka mmalize, halafu tuombe.